Mtaro wa mbele ya nyumba yako unaishia mtoni: hatua za kuzuia uchafu wa nyumbani usifike Msimbazi

Mto Msimbazi wa Dar es Salaam unaanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, na kushuka takribani kilomita 35 kupitia Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani hadi baharini penye Daraja la Salenda. Njiani unapokea Mto Luhanga, Mto Ubungo na Mto Sinza, pamoja na mitaro ya mitaani ambayo haina idadi. Mitaro hiyo ilichimbwa kwa ajili ya maji ya mvua, kwa hiyo hakuna mtambo wa kusafisha mwishoni mwake. Kinachoingia mtaroni asubuhi kinakaa hapo kikisubiri mvua, na mvua ikinyesha kinaingia mtoni kama kilivyo.

Mimi ni fundi bomba. Kazi zangu nyingi ziko kwenye nyumba za kupanga za Tabata, Buguruni na Kigogo: kuzibua mabomba, kujenga chemba, kuchimba karo, yaani shimo la kunyonyesha maji machafu ardhini. Viwanda, machinjio na gereji zina sehemu yao kubwa katika uchafu wa mto huu na zina mamlaka za kuzisimamia. Hapa nazungumzia kilicho mikononi mwako wewe mwenye nyumba au mpangaji, kwa mpangilio ninaoufuata ninapoingia kwenye nyumba. Ninaamini kwa dhati kwamba nyumba za mitaa yetu zikibadilisha mambo haya machache, maji ya bondeni yatakuwa maji mengine.

Hatua ya 1: Jua maji yako yanakwenda wapi

Watu wengi hawajui. Unafungua bomba, maji yanapotea kwenye tundu, basi. Kabla ya kununua chochote, zunguka nyumba na uhesabu kila mahali maji yanapotokea: sinki la jikoni, bafu, sehemu ya kufulia, bomba la uani, choo, paa. Kisha chukua ndoo ya maji, koroga bluu ile ya kufulia nguo nyeupe, mwaga kwenye tundu moja, na mwambie mtoto asimame nje aangalie yatokee wapi. Rudia kwa kila tundu.

Utakuta maji ya kila tundu yanaishia kwenye mojawapo ya sehemu tatu: kwenye bomba la majitaka la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji (nyumba chache sana za jiji hili zimeunganishwa), kwenye shimo la choo au karo, au mtaroni. Yale yanayotokea mtaroni yaandike pembeni, kwa sababu hatua ya 3 hadi ya 5 ndizo za kuyashughulikia hayo.

Maji ya paa hayana shida, yaache yaende mtaroni, au bora zaidi uyakinge kwenye pipa. Ila hakikisha hayaingii chooni. Nimezibua vyoo vingi vilivyojaa masika ya kwanza tu, na chanzo kikawa gata la paa lililoelekezwa kwenye chemba. Choo cha namna hiyo kinafurika, na kikifurika kinakimbilia mtaroni.

Hatua ya 2: Badilisha mahali unapomalizia kufagia

Kila asubuhi uwanja unafagiwa kwa ufagio wa chelewa, na ni jambo jema. Tatizo ni mita mbili za mwisho. Mfagiaji anasukuma majani, vifuniko vya chupa, mifuko ya karanga, vipande vya pampasi na mchanga wote mpaka ukingoni mwa mtaro, kisha anapiga mara moja, vyote vinatumbukia. Uwanja unang'aa, mtaro unajaa.

Fagia kuelekea katikati ya uwanja badala ya ukingoni. Weka ndoo kuukuu na kibao au kipande cha bati cha kuzolea. Mchanga na majani rudisha kwenye shina la mti au kwenye mboji, plastiki weka kwenye kiroba cha taka. Ni kazi ya dakika chache zaidi, na haina gharama hata senti moja.

Mchanga nao usiuone mdogo. Ndio unaoziba makalavati, na kalavati likiziba, maji ya mvua yanapanda juu na kuingia vyumbani yakiwa yamechanganyika na ya vyooni. Ukiwa unajenga, usiache lundo la mchanga wazi kando ya barabara. Lizungushie matofali na ulifunike turubai kabla ya mawingu kukusanyika. Na unaponunua mchanga muulize dereva ameuchota wapi. Mchanga unaochimbwa kwenye kingo za Msimbazi unaacha kingo hizo zikimeguka, na nyumba za watu zinakwenda nazo.

Hatua ya 3: Jikoni, zuia mafuta na makombo kabla ya tundu

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu na kila familia, kwa sababu hapa ndipo uchafu mwingi wa maji unapoanzia, na ndipo tiba yake ilipo rahisi.

Kwanza, kabla ya kuosha sufuria, kwangua. Ukoko wa ugali, masalia ya mchuzi, mifupa ya dagaa, vyote vikwanguliwe kwa mwiko na kutiwa kwenye ndoo ya makombo yenye mfuniko. Sufuria yenye mafuta ifute kwa karatasi au kwa majivu. Majivu yanabeba mafuta vizuri sana, mabibi zetu walisugulia masufuria kwa majivu na mchanga mkavu na walikuwa sahihi. Makombo yakiingia majini yanaoza, na yanapooza yanakula oksijeni ambayo samaki anaihitaji. Ndiyo sababu maji ya mtaro yanageuka meusi na kunuka hata kama hakuna choo kilichofunguliwa humo.

Pili, mafuta ya kukaangia usiyamwage. Yaache yapoe, yachuje, na yakishakuwa meusi yatie kwenye chupa tupu ya maji, funga kifuniko. Wapo watengenezaji wa sabuni za kipande wanaoyachukua. Waulize sokoni kwenu. Yakiwa kidogo, yachanganye na majivu mpaka yawe donge, kisha yatupe na taka. Kuna watu wanamwaga maji ya moto nyuma ya mafuta wakidhani wamesafisha bomba. Maji ya moto yanayasukuma tu mbele kidogo, yanapoa, yanaganda kwenye kona ya bomba au mtaroni.

Tatu, tengeneza mtego wa mafuta. Vifaa ni ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko, vipande vya bomba la inchi mbili, elbo moja (kiungo cha kona), tii moja (kiungo chenye midomo mitatu), na silikoni ya kuzibia.

Toboa tundu la kuingilia karibu na mdomo wa ndoo, na tundu la kutokea upande wa pili, chini ya lile la kwanza kwa kama sentimita tano. Kwenye tundu la kuingilia, kwa ndani, funga elbo inayoangalia chini ili maji yashuke taratibu na yasivuruge. Kwenye tundu la kutokea, kwa ndani, funga tii iliyosimama wima: mdomo wa juu uache wazi juu ya usawa wa maji, mdomo wa chini uungie kipande cha bomba kinachoshuka hadi sentimita kumi na tano hivi kutoka kitako cha ndoo. Ziba viungo vyote kwa silikoni, acha vikauke hadi kesho yake, kisha jaza maji uone kama kuna panapovuja.

Namna inavyofanya kazi ni hii. Mafuta ni mepesi kuliko maji, yanaelea juu. Makombo mazito yanazama chini. Bomba la kutokea linavuta maji ya katikati, ambapo hakuna mafuta wala makombo. Basi. Hakuna umeme, hakuna dawa.

Kila wiki fungua mfuniko, engua mafuta yaliyoganda kwa upawa wa zamani, changanya na majivu, tupa na taka. Ukiacha mwezi mzima, tabaka la mafuta linakuwa nene mpaka linafika kwenye mdomo wa bomba la chini, na kuanzia siku hiyo mtego haufanyi kazi tena, unapitisha kila kitu. Ndoo ya lita 20 inatosha familia ya kawaida. Mama lishe au muuza chipsi anahitaji pipa kubwa zaidi, kwa sababu maji yake ni mengi na ya moto, na maji ya moto yanahitaji nafasi ya kupoa ili mafuta yapande juu.

Hatua ya 4: Maji ya kufulia na ya kuogea

Sabuni kwanza. Tunatumia sabuni ya unga nyingi mno. Povu jingi halimaanishi nguo safi, na ile ziada yote unaisuuza kwa ndoo mbili tatu za maji zaidi. Loweka nguo usiku, halafu pima sabuni kwa kifuniko badala ya kumimina kwa mkono. Nitrojeni na fosfeti zinazotoka kwenye sabuni, makombo na vinyesi ni mbolea. Zikifika kwenye maji yaliyotuama zinaotesha mwani na magugu maji, na hayo yakifa na kuoza maji yanabaki bila hewa.

Baada ya hapo yatafutie maji hayo ardhi ya kuyanyonya. Ukiwa na eneo, chimba karo la maji ya povu. Lakini usichimbe kabla ya kupima udongo.

Kupima ni hivi: chimba kishimo cha kina cha sentimita 30 mahali unapotaka karo liwe. Kijaze maji jioni, yaache yanywewe usiku kucha. Asubuhi jaza tena, chomeka kijiti chenye alama, angalia yanashuka kiasi gani kwa saa moja. Yakishuka chini ya sentimita mbili na nusu, udongo huo ni mfinyanzi na karo lako litajaa na kufurika. Tafuta mahali pengine. Yakishuka zaidi ya hapo, endelea.

Kwa familia ya watu watano au sita wanaofua kwa mkono, shimo la upana wa mita moja na kina cha mita moja na nusu linafaa kwenye udongo wa kichanga. Liwe mita tatu au zaidi kutoka ukuta wa nyumba na mita 30 kutoka kisima chochote, chako au cha jirani. Chini panga mawe makubwa, juu yake madogo, juu kabisa kokoto. Usijaze mawe kienyeji na udongo wake, maana nafasi kati ya jiwe na jiwe ndiyo inayoshika maji. Bomba liingie juu ya kokoto, tandika kiroba cha salfeti ili udongo usishuke, kisha fukia au funika kwa mfuniko wa zege. Pale bomba linapoanzia weka chujio la kuzuia nywele na nyuzi za nguo, hivyo ndivyo vinavyoua karo mapema kuliko kitu kingine.

Sasa, wanaoishi bondeni. Kama uko Kigogo ya chini, Mchikichini au Suna, maji ya ardhini yako karibu mno, hasa masika. Kitako cha karo kinatakiwa kiwe juu ya maji ya ardhini kwa mita moja na nusu, na huko huwezi kuipata. Nimekataa kazi za kuchimba karo bondeni na nitaendelea kukataa, kwa sababu unakuwa umechimba tu njia ya mkato ya kupeleka uchafu kwenye visima. Huko mwaga maji ya povu kwenye mashina ya migomba, mipapai au miwa, leo shina hili, kesho lile, ardhi ipate kupumzika. Usimwagie mchicha wala matembele, hayo yanaliwa majani yanayoguswa na maji. Vilevile usihamishie beseni mtoni ili kufulia huko, wala usimpe kijana pikipiki akaioshee mtoni. Oili na grisi za mnyororo zinabaki majini.

Hatua ya 5: Choo

Jambo la kwanza ni kutotapisha. Kila msimu wa mvua kuna nyumba zinafungua tundu ubavuni mwa shimo la choo ili mvua iondoe kinyesi. Anayefanya hivyo anaona ameokoa fedha ya gari. Maji yale yanapita mbele ya milango ya majirani, yanapita kwenye bustani za mchicha za bondeni, na mchicha ule unarudi sokoni na kupikwa na sisi sote. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kilienea hadi mikoa mingine, na kiini chake ni hichohicho, kinyesi kuingia kwenye maji na chakula. Nikiombwa kuchonga tundu la kutapishia, nafunga mkoba wangu na kuondoka.

Badala yake, weka akiba ya kunyonya choo kama unavyoweka ya kodi ya pango. Wapangaji sita wakichanga kidogo kidogo kila mwezi, fedha inapatikana bila ugomvi. Pima kina kwa ufito mrefu mwezi Februari, kabla ya masika, na mwezi Septemba, kabla ya vuli. Ukikuta uchafu umebakiza nusu mita kufika juu, ita gari sasa. Mvua ikianza njia zinaharibika na magari yanagombaniwa. Muulize dereva anakwenda kumwaga wapi. Jibu zuri ni mabwawa ya majitaka, kama yale ya Vingunguti. Akiwa na bei ya chini mno na hataki kusema anapomwaga, usimpe kazi. Nyumba zisizofikiwa na gari zina vikundi vinavyotumia pampu za mkono na mapipa kwenye guta. Ofisi ya serikali ya mtaa au bwana afya wa kata atakuelekeza kwa wanaotambulika.

Jambo la pili, usigeuze choo kuwa pipa la taka. Pampasi ina unga unaovimba ukinyonya maji. Ikiingia shimoni inavimba, inachukua nafasi, na inaziba mpira wa kunyonyea. Kinyesi cha mtoto kikung'utie chooni, pampasi ikunje, ifunge, itupe kwenye taka. Pedi vivyo hivyo. Mwenye nafasi ya kufua atumie winda za kitambaa walau mchana mtoto akiwa nyumbani. Mafuta ya taa, tindikali ya betri na dawa kali za kuua harufu usimwage shimoni. Zinaua bakteria wanaosaga kinyesi, na choo kinajaa haraka zaidi.

Hatua ya 6: Taka ngumu

Zaidi ya nusu ya taka za nyumbani jijini ni za kuoza: maganda ya viazi na ndizi, majani ya mboga, makombo. Zitenge hizo na utakuta kiroba chako kimepungua uzito na hakinuki, na unaweza kusubiri gari la taka bila kushawishika kwenda kukitupa mtaroni usiku. Toboa matundu pembeni na chini ya ndoo kuukuu, weka tabaka la maganda, funika kwa majani makavu au maranda mara mbili ya hayo, nyunyiza maji kidogo, pindua kila wiki. Mifupa, nyama na mafuta usiweke, vinaita panya. Baada ya miezi michache unapata mboji.

Chupa za plastiki na makopo weka kwenye kiroba chake na umpe muokota makopo anayepita mtaani kwenu. Kinachobaki ndicho cha gari la taka. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio vidogo vya karanga, barafu na viungo bado viko mikononi mwetu kila siku, na ndivyo ninavyovikuta kwa wingi ninapozibua chemba. Nenda sokoni na kikapu na vyombo vyako.

Hatua ya 7: Oili, rangi, betri, dawa

Oili chafu ya gari au pikipiki irudishe gereji yenye pipa la kuikusanyia. Brashi ya rangi ya mafuta ifute kwenye gazeti, petroli ya kuoshea itumie tena ikishatuama, isimwagwe mtaroni. Dawa za hospitali zilizopita muda changanya na majivu na maji kidogo ndani ya kopo, funga, tupa na taka. Betri za redio na tochi ziweke kwenye kopo mbali na watoto, usizitupe shimoni.

Hatua ya 8: Mtaro wenyewe, pamoja na majirani

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi nchi nzima, na mitaa mingi inazibua mitaro siku hiyo. Tope linatolewa, linapangwa kingoni, watu wanakwenda kuoga. Mvua ya kwanza inalirudisha lote. Kwa hiyo kabla ya kuanza kuchimba, panga tope litapelekwa wapi: muone mjumbe au mtendaji wa mtaa mapema, kubalianeni gari au guta, changeni, na lizolewe siku ileile. Kama gari halipo, zibueni kipande kifupi mnachoweza kukizoa chote kuliko mtaro mzima ambao tope lake litarudi. Vaeni gambuti na glavu, maana mtaroni kuna vioo na sindano.

Ukiona bomba la jirani linatoa maji ya choo mtaroni, anza kwa kwenda kuzungumza naye nyumbani kwake, jioni, bila hadhira. Mara nyingi ni bomba lililopasuka na yeye mwenyewe hajui. Mpeleke pale mtaroni mkalione pamoja. Akikataa kurekebisha, mpelekee taarifa bwana afya wa kata, ndiyo kazi yake. Anayejenga au kulima karibu na kingo za mto naye aambiwe mapema, kabla hajamaliza fedha zake, kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni.

Ukitaka kuanza wiki hii, fanya Jumamosi jaribio la ndoo ya bluu na kufagia kuelekea katikati ya uwanja. Jumapili tengeneza mtego wa mafuta. Karo na kunyonya choo vipangie akiba sasa, ili kazi ikamilike kabla mvua hazijaanza.